Impreza yako imelemea puani: anza huko kuipunguza uzito

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2005 iliyoletwa kutoka Japan. Karatasi zake zinasema kilo 1,440. Nimeanza kushiriki mbio za kupima muda kwenye lami hapa Nairobi, na siku za kazi gari ni hilohilo. Injini sitaki kuigusa, nataka kupunguza uzito, kilo 150 ikiwezekana. Fundi mmoja ananishauri nianze na boneti ya kaboni, mwingine ananiambia ning'oe viti vya nyuma, kila kilicho ndani ya buti na vyuma vilivyo ndani ya milango. Nianzie wapi, na nini nisikiguse? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, uamuzi wa kuacha injini na kushughulikia uzito ni mzuri, na kwa mtu wa Nairobi ni mzuri zaidi. Mji wenu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini inabidi izunguke kwa kasi zaidi na joto la hewa inayoingia linapanda. Kila nguvu farasi unayoiongeza huko juu unaigharamia kuliko mtu wa Mombasa. Kilo uliyoitoa haijali mwinuko.

Fanya hesabu kidogo. Gari lako na dereva wa kilo 80 ni kilo 1,520, na injini ya Kijapani ya mwaka huo ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280. Ukitoa kilo 100, gari litaondoka kana kwamba lina nguvu farasi 300 hivi. Watu wengi huishia hapo kwa sababu ndicho wanachokisikia mgongoni wanapokanyaga mafuta. Mimi naona faida kubwa iko kwingine. Nguvu farasi 20 za ziada hazikusaidii kufunga breki wala kukunja kona. Kilo 100 zikitoka, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza kila unaposimamisha gari linapungua kwa asilimia sita na ushee, na kwenye kona tairi inapumua. Tairi ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: ukiiongezea mzigo, mshiko wake unaongezeka, lakini si kwa kiwango kilekile cha mzigo. Ndiyo maana gari jepesi lenye tairi zilezile huzunguka kona kwa kasi kubwa kuliko gari zito.

Sasa tuje kwa hao mafundi wako wawili. Wa kwanza amesahau gari analolizungumzia. Boneti ya STI yako ilitoka kiwandani ikiwa ya alumini. Ukiibadilisha kwa kaboni nzuri, iliyookwa kwa joto na shinikizo, utaokoa kilo chache kwa pesa nyingi. Ukiibadilisha kwa kaboni ya bei ya chini, ambayo mara nyingi ni fibaglasi iliyofunikwa kwa tabaka moja la nyuzi za kaboni na vanishi juu yake, unaweza kujikuta na boneti isiyo nyepesi hata kidogo. Ukikutana na muuzaji, mwambie aiweke kwenye mizani mbele yako. Akianza kueleza mambo mengi, umeshapata jibu.

Wa pili ana hoja, lakini ushauri wake wa viti na buti una mtego, na mtego huo ndio jambo kuu ninalotaka ulielewe.

Injini ya Subaru ni ya silinda zilizolala, na imekaa karibu yote mbele ya ekseli ya mbele. Kwa hiyo Impreza huzaliwa na pua nzito, takriban asilimia 59 ya uzito iko mbele. Kwenye kilo zako 1,440, hiyo ni kama kilo 850 mbele na 590 nyuma. Ng'oa kiti cha nyuma, spea, jeki, kapeti ya buti na vikorokoro vingine mpaka ufikishe kilo 50, na karibu zote zinatoka kwenye ekseli ya nyuma. Umebaki na 850 mbele kati ya 1,390. Pua imepanda kutoka asilimia 59 hadi 61. Gari ni jepesi, kwenye mstari ulionyooka litakwenda vizuri, lakini ukiingia kona pua itateleza kwenda nje mapema kuliko zamani. Utalaumu tairi, kisha springi, kisha fundi.

Sisemi usitoe vya nyuma. Ni vya bure, vinatoka kwa spana ya kawaida, na vinarudi Jumatatu asubuhi. Ninachosema ni kwamba kwa gari hili kilo moja ya mbele ina thamani kuliko kilo moja ya nyuma, kilo ya juu ina thamani kuliko ya chini, na inayozunguka pamoja na gurudumu ina thamani kuliko zote. Pesa yako iende kwa mpangilio huo. Anayekutajia jumla tu ya kilo zilizotoka, bila kusema zimetoka wapi, amekupa nusu ya habari.

Kwa hiyo anzia mbele, na betri ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Betri ya kawaida ya asidi na risasi ya ukubwa huo ina kilo 13 hadi 16. Ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfati, yenye nguvu ya kutosha kuwasha injini ya lita 2, ina kilo 3 hadi 5. Umetoa kilo 10 kwa nusu saa. Hata hivyo lithiamu haipendi joto, na chumba cha injini yenye turbo ni tanuri, basi iwekee kinga ya joto na hakikisha alteneta yako inachaji ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na mtengenezaji wa betri hiyo. Wako wanaohamishia betri ya kawaida kwenye buti. Jumla ya uzito haipungui, tena inaongezeka kwa sababu ya waya mnene wa kupita chini ya gari, lakini mgawanyo wa mbele na nyuma unaboreka. Kama bei ya lithiamu inakusumbua, hiyo ni njia halali. Kumbuka fyuzi kubwa karibu na betri na kisanduku kilichofungwa imara, kwa maana waya huo ukichubuka unaweza kuwasha gari zima.

Kiyoyozi nacho kiko mbele karibu chote: kompresa, kondensa, mabomba. Ni kilo kumi na kadhaa, na kondensa ikitoka redieta inapata hewa zaidi. Nairobi unaweza kuishi bila AC miezi mingi ya mwaka. Lakini msimu wa mvua vioo vitajaa ukungu ndani, na hilo ni suala la usalama kwa mtu anayelitumia gari kila siku. Kama ungekuwa Mombasa nisingekushauri kabisa. Kwa hali yako, ningeiacha kwa sasa. Ukiamua kuitoa, gesi ifyonzwe na fundi mwenye mashine, isiachiwe hewani.

Sasa magurudumu, kwani hapa uongo umekuwa mwingi. Utasikia kwamba kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za bodi. Si kweli. Kitu kinachozunguka kinahitaji nguvu mara mbili, ya kukisogeza mbele na ya kukizungusha. Hata kama uzito wote ungekuwa kwenye ukingo wa nje kabisa wa tairi, kilo moja ingehesabika kama mbili tu wakati wa kuongeza kasi, haiwezi kuzidi hapo. Kwa rimu yenyewe, ambayo uzito wake umetawanyika kuelekea katikati, ni kama kilo moja na nusu. Ukipunguza kilo 2 kwa kila gurudumu, umepunguza 8 halisi, na gari linazihisi kama 12 hivi linapoondoka. Faida ya pili haimo katika hesabu hiyo: gurudumu jepesi hufuata matuta ya barabara vizuri zaidi, shokapu inalimudu, na tairi inabaki imeshika lami. Kwa barabara zetu hilo si jambo dogo.

Angalia kwanza ulicho nacho. STI nyingi za miaka hiyo zilikuja na rimu za BBS zilizofuliwa kwa mashine ya shinikizo, na hizo tayari ni nyepesi. Nimewaona vijana wakizivua na kuvalisha rimu za inchi 18 zenye sura nzuri zinazozizidi uzito, eti wanapunguza uzito. Mbaya zaidi ni nakala za rimu maarufu za Kijapani. Rimu halisi iliyofuliwa ni nyepesi kwa sababu alumini yake imekandamizwa na inaweza kuwa nyembamba bila kupasuka. Nakala imemiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo ama ni nene na nzito, ama ni nyembamba na inapasuka kwenye shimo la kwanza. Usisahau tairi yenyewe pia. Kati ya tairi mbili za ukubwa uleule kunaweza kuwa na tofauti ya kilo moja au zaidi, na tofauti hiyo iko ukingoni kabisa, mahali inapohesabika karibu mara mbili.

Kuna sehemu moja ambayo ule uvumi wa kilo kumi unakaribia ukweli, nayo ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kati ya injini na klachi. Flaiwili huzunguka kwa kasi ya injini, si ya gurudumu, kwa hiyo kwenye gia ya kwanza athari yake inazidishwa sana. Nimepiga hesabu kwa uwiano wa gia za gari kama lako: ukipunguza kilo 4 za flaiwili zilizokaa kama sentimita 10 kutoka kwenye kitovu, gia ya kwanza gari linaondoka kana kwamba limetua kilo 80. Gia ya sita, zilezile 4 ni kama kilo 4 tu. Usikimbilie kununua, lakini. Mbio za kupima muda hutumii gia ya kwanza isipokuwa kuanzia, na flaiwili nyepesi kwenye foleni ya Thika Road jioni itakuchosha mguu na kukuzimia gari. Subiri siku unayobadilisha klachi kwa sababu imekwisha, ndipo uweke ya wastani, si nyepesi kupita zote.

Ndani ya gari, viti vya mbele ndivyo vyenye faida. Kiti cha kiwandani na reli zake kina kilo 15 hadi 20 na zaidi kikiwa na mota. Kiti cha mbio cha fibaglasi kina 6 hadi 9, ongeza vyuma vya kukifungia. Chako cha dereva kitakushika kwenye kona kiasi kwamba muda wako utashuka hata kama uzito usingebadilika. Usinunue kisicho na alama ya idhini ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Kiti bandia kinavunjika mgongoni siku ya ajali, na huko hakuna fundi wa kukurekebisha.

Chini ya kapeti kuna mikeka ya lami ya kuzuia kelele, kilo 5 hadi 10 kutegemea gari. Inatoka kwa barafu kavu: unaimwaga juu, unangoja lami igande iwe kama kigae, unaigonga kwa nyundo ya mpira inapasuka vipande vipande. Fanya ukiwa na glavu na milango yote wazi, kwa sababu gesi inayotoka ni kaboni dayoksaidi na ndani ya gari lililofungwa inaweza kukuzimisha. Kwa gari la kwenda kazini ningeiacha mikeka ya mbele. Kelele za giaboksi na za kokoto zinazogonga chini ya sakafu zinachosha, na dereva aliyechoka ni mzito kuliko mikeka. Kiti cha nyuma ukikitoa, mashimo yote kati ya buti na chumba cha abiria yafunikwe kwa bati la alumini, maana tangi la mafuta liko nyuma hapo na hutaki mvuke wala moto ukufikie.

Ekzosi ya kiwandani ni nzito. Ya chuma cha pua yenye mabomba ya kuta nyembamba kidogo inaweza kukuokolea kilo kadhaa. Ya titani zaidi, kwa kuwa titani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma kwa ujazo uleule, ila bei yake inauma.

Hapo nisimame kidogo kuhusu malighafi, kwa sababu ushauri wa fundi wako wa kwanza umejengwa juu ya imani kwamba kaboni ndiyo wepesi. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, titani 4.5, alumini 2.7, magnesiamu 1.74, kaboni iliyofungwa na gundi kama 1.6. Ukiishia hapo utadhani alumini inapunguza theluthi mbili za uzito. Lakini alumini pia hupinda kirahisi karibu mara tatu zaidi ya chuma. Ukivuta fimbo ya chuma na ya alumini zenye uzito sawa, ukakamavu wake unakaribia kuwa uleule, na magnesiamu na titani ziko hapohapo. Faida inatoka kwenye unene. Ukakamavu wa bati dhidi ya kupinda hukua kwa unene kipeo cha tatu, kwa hiyo bati la alumini likiwa nene mara 1.4 tu kuliko la chuma linalingana nalo, na uzito wake ni nusu. Ndiyo maana alumini inalipa kwenye boneti, milango na paa, yaani mabati mapana, na hailipi sana kwenye mkono mwembamba wa saspensheni uliobanwa mahali pafinyu. Kaboni inazishinda zote, ila kwa upande ule tu ambao nyuzi zimelazwa. Aliyeilaza ndiye ameamua nguvu yake. Tena kaboni ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa, kwa hiyo ukifunga kipande cha kaboni gari likienda pwani mara kwa mara, weka tabaka la fibaglasi katikati.

Wenye pesa na maabara hawakuanza na kaboni pia. BMW walipotoa M3 CSL mwaka 2003 walipunguza kama kilo 110 kutoka M3 ya kawaida. Kila mtu hukumbuka paa la kaboni, na lenyewe lilichangia kama kilo 6. Zilizobaki zilitoka kwenye vitu visivyopigwa picha: kioo chembamba, vizuia kelele vilivyopunguzwa, viti, AC na redio zilizotolewa labda mteja aziombe. Paa lilistahili kwa sababu liko juu kabisa, na kilo 6 za juu hushusha kitovu cha uzito. Ferrari F40 ya 1987 ilikuwa na bodi ya kaboni na kevla (nyuzi nyingine nyepesi na imara), ndiyo, lakini pia haikuwa na kapeti, na mlango ulifunguliwa kwa kuvuta kamba. Subaru wenyewe waliuza toleo la gari lako liitwalo Spec C lenye kioo chembamba, tangi dogo la mafuta na vizuia kelele pungufu. Nalo limepikwa kwa kuondoa.

Tukitaja tangi: petroli ina kama robo tatu ya kilo kwa lita. Tangi lako la lita 60 likijaa ni kilo 45. Ingia mashindanoni na robo tangi, kama mzunguko hauna kona ndefu za kuyasukuma mafuta upande mmoja pampu ikose, na umetoa zaidi ya kilo 30 bila kufungua nati moja. Ziko nyuma, najua, na hesabu ya pua nimekwisha kukupa.

Sasa vile vyuma vya ndani ya milango. Hapana. Nyumbani kwangu hakuna mjadala hapo. Vimewekwa ili gari likikugonga ubavuni usipondwe, na kati ya bega lako na bampa la mwenzako hakuna kitu kingine. Magari ya mbio hutoa vyuma hivyo kwa sababu yana keji, ile fremu ya mabomba, yenye vyuma vyake vya mlangoni. Nguzo kuu ya keji kwa kanuni za FIA ni bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5, na bomba hilo lina kilo 2.6 kwa kila mita, kwa hiyo keji kamili hurudisha kilo 30 na zaidi ulizotoa. Keji kwenye gari la barabarani usilolivalia helmeti nayo ni hatari, kichwa chako kitaligonga bomba hata kwenye ajali ndogo. Kwa hiyo vyuma vya milango vibaki, mifuko ya hewa ibaki pamoja na mikanda yake, na usiruhusu mtu atoboe matundu kwenye chochote kinachobeba saspensheni. Chuma chenye nguvu kubwa hakiruhusu kutobolewa wala kupashwa moto ovyo. Kioo cha mbele kibaki kile cha matabaka mawili. Vya pembeni vya plastiki ya polikaboneti vina nusu ya uzito wa kioo, lakini vumbi letu litavikwaruza ndani ya mwezi, waachie wa mbio tupu. Na mabadiliko yoyote ya kudumu mjulishe wa bima kabla, usingoje akayagundue siku ya madai.

Kilo 150 kwa gari unaloendea kazini huzipati bila kulifanya lichukize. Nategemea upate 60 hadi 80 za kudumu, na 50 nyingine unazozitoa Ijumaa jioni na kuzirudisha Jumapili. Pima kila kinachotoka kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya sokoni inatosha, na uandike kilikuwa mbele au nyuma. Mizani ya malori haitakusaidia, inaruka kwa makumi ya kilo. Tafuta gereji ya mbio yenye mizani minne ya magurudumu, kaa ndani ya gari ukiwa na helmeti na robo tangi, upate namba nne. Gari likipungua huinuka kwenye springi zake, pembe za magurudumu hubadilika na taa humulika juu, kwa hiyo alaimenti ifanyike baada ya hapo, si kabla. Nitumie namba hizo nne pamoja na springi ulizofunga, tuone kama nyuma inahitaji springi laini zaidi au bado.